Umekuja na Nani, Atieno?

Bado siamini. Leo ni Jumanne, na asubuhi nimejikuta naangalia simu nikingoja Atieno aniombe swap ya shift.

Mliomjua mnajua. Nesi wa wodi yetu hapa Kisumu, yule mrefu wa sauti ya juu, viatu vya matope chini ya meza ya in-charge wa wodi kwa sababu alitoka kutembea akaja kazini moja kwa moja.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Mimi Mkikuyu wa Kaloleni hapa mjini, yeye Mjaluo wa Seme. Mama yake ananiita nyathina, mtoto wangu, tangu siku aliponipikia samaki na mwiba ukanikwama kooni.

Jumamosi za Atieno hazikuwa za kulala. Alikuwa anapanda kilima cha Riat na watoto wake wawili, thermos ya uji mgongoni, akiwafundisha majina ya ndege. Nikibaki nyuma nahema, anasema, "Kuja Wanjiru, kilima hakina lifti."

Na kwa wagonjwa alikuwa na swali moja kabla ya yote. Hata presha hajapima. "Umekuja na nani?"

Ukisema umekuja peke yako, anakasirika kabisa. Atakutafutia mtu, hata kama ni mama wa kitanda cha pili, akushikie mkoba ukitibiwa.

Sasa wacha niseme kilichoniuma.

Tangu mwaka jana aliniomba swap kila baada ya wiki tatu, Jumanne. "Naenda Seme kumwona Mama, nishikie shift." Nikamshikia. Mara sita.

Akanyoa nywele. "Ni hii joto, Wanjiru, na nimechoka na saluni." Akaacha kupanda Riat. "Goti." Nikamnunulia dawa ya kuchua, akaipaka mbele yangu na kunishukuru.

Kila baada ya wiki tatu, jameni. Na mimi ni nesi. Mgonjwa yeyote akiniambia hivyo, na nywele hana, nitajua kabla hajamaliza kuongea. Kwako, Atieno, sikuhesabu chochote. Nilikuamini.

Kaka yake alinipigia Jumapili moja mwezi uliopita, akaniambia ametuacha. Akataja kansa kama mtu anayetaja kitu tunachokijua sote.

Baada ya mazishi huko Seme, Mama alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Asante, nyathina. Nilitaka kumsindikiza Eldoret akienda kutibiwa, akakataa. Kila mara alisema, Mama tulia, niko na Wanjiru."

Halafu akaniuliza, ile safari ya mwisho mkirudi, alisema nini njiani?

Nilikuwa wodini, Atieno. Nilikuwa nimeshika shift yako.

Nikamjibu kwamba ulisema umechoka na unataka chai. Watu wakalia. Mimi nililia kwa hasira. Ulinidanganya mimi, ukatumia jina langu kumtuliza mama yako, na sasa na mimi nimemdanganya nikimwangalia machoni. Ungesema tu. Ningetafuta mtu wa kutushikia shift sote wawili, nije na wewe. Miaka tisa, na hukuniona mtu wa kuambiwa.

Jumamosi iliyopita nilirudi Seme. Nilishindwa kukaa na shukrani ambayo si yangu. Nikamwambia Mama yote: zile swap, goti, hata ile chai niliyotunga.

Akaendelea kuchagua maharagwe kwenye ungo mpaka yakaisha. Kisha akauliza, "Basi nani alikuwa anamshikia mkoba?"

Kwa hivyo nakuuliza wewe, hapa mbele ya watu, vile ulivyowauliza wagonjwa wetu. Eldoret mara sita, kiti cha dawa ya kansa mara sita, umekuja na nani? Na usiniambie uko na Wanjiru.

Jumamosi hii napanda Riat na watoto wako. Majina ya ndege siyajui, watanifundisha wao. Uji nitabeba.

Lala salama, Atieno. Bado nimekununia, na sijui nitaacha lini. Lakini lala, shift yako nimeishika.