Kombora la Nyumba ya Mama Mkwe

Kikosi cha mizinga ninachokiandika kilipita Morogoro mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, enzi za Mjerumani, kikiwa na mizinga miwili, maofisa wachache na askari wenyeji ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao. Nilikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka Dar es Salaam mara tatu. Nikakuta orodha ya kamba, orodha ya sabuni, na orodha ya nyumbu wa kukokota mizinga, kila nyumbu na jina lake na tabia zake. Mmoja alikuwa mpole, mwingine anauma. Askari walikuwa namba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na katika miaka yangu yote darasani nilishika fimbo mara chache sana, lakini siku ile karani aliyeandika yale ningempata, ningemchapa.

Namba mojawapo ilikuwa babu yake baba yangu. Hilo ukoo mzima unalijua, kwa sababu ya aibu yake. Kikosi kilipopanda milimani kutisha watu, yeye ndiye aliyefyatua mzinga, na kombora likaangukia nyumba ya mama mkwe wake kule Kinole. Hakufa mtu. Lakini mkwe kwetu ni wa kupishwa njia. Humtazami machoni, huli mbele yake. Huyu alimpiga mzinga. Baba alipokuwa mdogo walimpeleka Kinole msibani, wenyeji wakamwita mjukuu wa mpiga mkwe, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakurudi tena huko.

Sasa baba alikuwa amefikisha miaka tisini, kitandani nyumbani kwangu hapa mjini, na kila jioni akishamaliza chai aliniuliza maneno yale yale. Kitabu kimefika wapi? Na yule mzee, alilenga au alikosea? Alitaka kujua kabla hajafa kama ametokana na mtu mbaya au mtu mzembe tu. Mimi nilikuwa na majina ya nyumbu tu.

Basi nikapanda Kinole. Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakukuwa na haja ya kuhangaika na makaratasi, mwenyewe yupo. Nikamuuliza mwenyewe nani. Akasema mpiga mzinga. Akanipeleka kwa kijana wa miaka kama thelathini, dereva wa bodaboda, aliyekuwa amechuchumaa anaziba pancha.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichopaswa kukumbuka tangu mwanzo. Kwetu Waluguru ukoo hufuata tumbo la mama, na mtu akifa jina lake haliachwi lipotee. Hupewa mtoto wa dada yake, au mjukuu wa dada, naye tangu siku hiyo ndiye marehemu; akifa yeye, jina huenda kwa mwingine. Watoto wa marehemu humwita baba, wajukuu humwita babu. Nilikuwa nalijua vizuri, hata niliwahi kulitungia swali la mtihani. Ila sikuwa nimewahi kukutana nalo likiwa limeshika tairi.

"Mwamkie babu yako," mwenyekiti akaninong'oneza.

Nina miaka sitini na minne na kichwa kizima mvi. Nikasema shikamoo. Kijana akaitikia marahaba kitukuu, bila kuacha pancha yake, akaniuliza mbona nimechelewa hivyo kuja kumwona. Nikaomba radhi. Mpaka leo sijui niliombea nini radhi.

Tulipoanza kutembea kwenda kwake, ghafla akanivuta mkono tukajibanza migombani. Msichana mmoja alikuwa anapita na kapu la mdalasini. Kijana akaniambia kwa adabu kubwa kwamba yule ndiye mama mkwe wake, amerithi jina mwaka juzi, na si vizuri kukutana naye njiani. Mwalimu mzima nikasubiri nyuma ya mgomba mpaka mama mkwe akapotea kwenye kona.

Kisha alisimulia, kama mtu anayesimulia safari ya juzi. Ofisa alisimama nyuma yake na bastola, akamwamuru apige kijiji.

"Nyumba zote zilikuwa na watu," akasema. "Ya mama mkwe tu ndiyo ilikuwa tupu. Asubuhi nilimwona anashuka shambani, nikampisha. Nikalenga hapo."

Nikamuuliza amejuaje. Kuuliza si ujinga, na mimi ndiyo kazi yangu.

"Nilikuwepo," akasema.

Jumapili akashuka mjini na pikipiki yake, mkungu wa ndizi nyuma, amevaa koti la kung'aa la bodaboda. Baba akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima, akamwamkia. Kijana akamshika mkono, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Umezeeka sana." Baba akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza swali lake, akajibiwa kama nilivyojibiwa mimi. Machozi yakamtoka, akaniambia niandike hivyo hivyo. Nikamweleza taratibu kwamba ushahidi hakuna.

"Shahidi anakunywa chai yako," baba akasema.

Mlangoni, wakati wa kuagana, kijana akaniuliza kwa sauti ya chini kama mizinga ile ilikuwa na magurudumu, maana hajawahi kuiona hata kwenye picha. Nikakata tamaa. Sikuandika.

Baba alifariki kabla ya masika. Kwenye arobaini yake jina alipewa mjukuu wa dada yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili Mzumbe, simu mbili mfukoni. Nikainuka mbele ya watu, nikamwambia shikamoo baba, huku nikijiona mjinga kabisa. Akaitikia. Wakamletea chai, akainywa yote, akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kitabu kimefika wapi?"

Pengine shangazi alimdokeza. Sikuuliza.

"Nimeshaandika, baba," nikasema. "Alilenga."

Ulikuwa uongo, sikuwa nimeandika neno. Nikajifanya naenda kunawa, nikaingia chumbani, nikaandika ukurasa mzima nimesimama, mbio mbio, kwa sababu baba yangu hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Alikuwa anakuja kukagua.