Uyoga wa Kipupwe

Swaumu binti Matano hamwagi kitu bila kutazama kimeangukia wapi. Maji ya kuoshea mchele huyamwagia mpapai, majivu huyapeleka kwenye mchicha, na kesho yake anapita kuangalia nani kanenepa. Sasa ni mwaka wa hamsini na tano tangu aanze, mvi zimemjaa, na wajukuu wanamcheka wakimwona kainama kwenye jalala la nyuma ya nyumba pale Kibuta. Wacheke tu. Hawakuwepo mwaka ule mzee Kibwana alipofariki, mkewe akakataa kula.

Mzee Kibwana alikuwa baba mkwe wake. Masika ikiingia, alikuwa akitoka alfajiri kwenda msituni, anarudi na uyoga kaufunga kwenye jani la mgomba, anampa mkewe mkononi kwa mkono. Hapitii jikoni, wala hamtumi mtu. Bibi mzima, Mwanamvua, meno yamempungua, na bado alikuwa akilifungua lile jani kama mwali aliyeletewa zawadi. Swaumu aliwaonea wivu wakati mwingine, maana mumewe Mwinyimadi, mtoto wao yule yule, hakuwahi kumletea hata embe.

Mzee alikufa masika ikianza, kabla uyoga haujatoka. Ulipotoka, uliozea huko huko msituni, hakuna aliyekuwa na hamu nao. Mwanamvua alikaa eda yake, na alipotoka ilikuwa kipupwe, ardhi kavu, upepo wa baridi unapeperusha majani. Uji anaonja, anausukuma. Samaki hatazami. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana ndani ya kanga.

"Mama, sasa utakula nini?" Mwinyimadi alimuuliza siku moja.

"Uyoga," akasema.

Mwinyimadi alitoka nje, akasimama akiukodolea macho msitu mkavu, akajifuta uso na ncha ya msuli. Uyoga wa wapi wakati ule? Ila Swaumu alilisikia lile jibu la mama, akajiambia kuwa mtu anayetamani kitu hajataka kufa. Akashikilia hapo hapo.

Sasa kulikuwa na Lucian, Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuwa akikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Kibaha. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Lucian alikuwa mtani wa nyumba ile tangu uhai wa mzee. Akija, anafunua chungu bila kuomba, na hakuna wa kumnunia. Yeye ndiye aliyesema kwamba kule shambani makapi ya mkonge yakirundikwa huota uyoga hata kama mvua hakuna. Swaumu akamwagiza. Lucian akaja na gunia kichwani, kwa miguu kupitia Mbwawa, analalamika njia nzima kwamba Wazaramo wamemrudishia kazi ya babu zake, kubeba mizigo. Ndani ya gunia yalikuwa makapi yaliyooza, yameingiliwa na utando mweupe kama nyuzi za pamba, ambao ndio huzaa uyoga.

Swaumu aliyachanganya na maganda ya muhogo, akafanya marundo matatu kwenye kivuli cha migomba. La kwanza alilimwagilia maji ya kisima. La pili akalipa maji aliyolowekea kimea cha togwa, kwa sababu, alivyowaza, kimea ni mtama ulioamka, na maji yake lazima yabaki na nguvu ya kuamsha. La tatu akalipa maji ya dafu. Nazi ikiota haina mvua wala udongo, inajilea kwa maji yake mwenyewe. Kama maji yale yanalea mnazi mzima, yashindwe na uyoga?

Yalishindwa. Rundo la kimea lilichacha, likanuka hadi njiani. La dafu lilivamiwa na sisimizi, halafu likaota ukungu wa kijani. La maji matupu lilikaa tu, limejinyamazia.

Majirani nao hawakulala. Mwanamke anamwagia jalala madafu kila jioni, mbona anatambika huyo? Mwinyimadi, anayesomesha watoto Kurani barazani, maneno yakamfikia, akaja juu.

"Mama Biubwa, watu wanasema unatambikia takataka. Na madafu yangu yanakwisha."

"Waambie waje waone takataka inavyonijibu," akasema Swaumu, na hakuacha.

Akabomoa marundo mabovu, akaanza upya kwa utando uliosalia. Safari hii alikumbuka namna anavyomlea kifaranga aliyezaliwa dhaifu: humpi punje nzima, unampondea. Akatia kata moja ya maji ya dafu kwenye mtungi mzima wa maji ya kisima, akanyunyiza kwa vidole, akafunika na majani ya mgomba. Kila asubuhi alifunua kidogo. Utando ulikuwa unatambaa.

Lucian akaja kuangalia mzigo wake umefikia wapi. Kwanza akaketi mlangoni kwa Mwanamvua.

"Bibi, kufa basi tule ubwabwa. Wenzangu kambini wana njaa."

Mwanamvua akacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba.

"Ningekuwa nimeshakufa zamani, we mbeba mizigo, ila hawa wananisumbua na uji wao. Nimewaomba uyoga ili waniache. Watautoa wapi kipupwe hiki? Wakichoka kutafuta watanyamaza, na mimi nimfuate mzee wangu."

Kwa mtani mtu husema lile asiloweza kumwambia mwanawe.

Nyuma ya ukuta wa makuti alisimama Swaumu, kata mkononi. Ilimuuma. Ilimuuma sana, asidanganye mtu. Kumbe siku zote zile alikuwa akihangaikia tamaa isiyokuwepo, anasemwa kwamba anatambika kwa ajili ya mtu anayetaka kuondoka. Alitaka kuupiga mtungi teke. Kisha hasira ile ile ikampeleka kwenye rundo, akalinyunyizia maji kama kawaida.

Uyoga ulitoka alfajiri moja, umesimama wima, mwingi kuliko alivyoota, kofia zake bado zimefumba. Swaumu aliuchuma. Hakuupeleka jikoni. Aliufunga kwenye jani la mgomba, akampa mama mkwe wake mkononi kwa mkono.

Mwanamvua alifungua jani. Akatazama. Akaunusa.

"Umeutoa wapi?"

"Jalalani, mama."

"Mwanangu, mimi nilisema vile ili..."

"Najua, mama. Nilikusikia ukimwambia Lucian."

"Na ukaendelea?"

"Uliniomba uyoga. Ruhusa ya kufa hukuniomba."

Mwanamvua alilia, kilio kirefu ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, na Swaumu akakaa naye mkekani mpaka kikaisha. Halafu mama akafuta pua kwa upindo wa kanga.

"Tui lisiwe zito," akasema.

Alikula. Siku hiyo vijiko vichache, kesho yake bakuli. Aliishi hata akamcheza mwali Biubwa, mjukuu wake, alipovunja ungo, na kila kipupwe alikuwa wa kwanza kufunua majani ya mgomba kule nyuma.

Alipolala tena mgonjwa, safari ya mwisho, ilikuwa katikati ya masika na msitu mzima umejaa uyoga. Mwinyimadi alishachukua panga lake kwenda kuutafuta. Swaumu akamwinamia mama yake.

"Mama, utakula nini?"

Mwanamvua aligeukia upande wa jikoni.

"Uji," akasema. "Upo?"

"Upo, mama."

"Basi nipe uji."

Akaunywa wote, akaomba aongezewe. Swaumu alikwenda kuuchota analia, kwa sababu mama aliomba kilichokuwepo nyumbani. Safari hii alikuwa hataki kuondoka.