Tukutuku ya Baba Ilipougua

Juzi nilipanda taksi-moto kutoka soko la Kasongo kwenda nyumbani, na kabla hatujafika hata kwenye kona ya kanisa nilimgusa begani kijana aliyeendesha pikipiki nikamwambia asimame. Akasimama, akifikiri nimeangusha kitu. Nikamwambia, "Mwanangu, mashini yako inaumwa. Nyayo zangu zinawasha." Akacheka. "Mama, ile ni barabara tu." Barabara! Ndugu yangu, nilishuka palepale. Nilitembea na kapu langu la mihogo kichwani, na uzee wangu huu, huku nikicheka peke yangu njiani mpaka watoto wakanitazama. Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa mtoto, bado tunatawaliwa na Wabelgiji, na kwa kuyaamini baba yangu alikaribia kupoteza kazi.

Baba alikuwa mfirmiye, muuguzi wa dispensari ya Kasongo. Watu walimwita munganga, kama daktari kamili, na yeye hakuwakataza. Bula Matari, yaani serikali, ilikuwa imempa pikipiki ya kupelekea dawa katika vijiji vya njiani hadi Kabambare. Sisi tuliiita tukutuku. Ikirudi kutoka safari tuliisikia ikiwa bado mbali, nyuma ya mashamba ya pamba, na bibi yangu, mama yake baba, aliweka maji ya kuoga motoni bila kuambiwa. Mama alikuwa ameshatwanga mpunga asubuhi. Sombe, majani ya muhogo, lilikuwa linachemka na mawese, na kama watu wa Nyangwe walikuwa wamepita na samaki wa kukaushwa, basi siku hiyo nyumba nzima ilinuka samaki, petroli na dawa ya vidonda kwa pamoja. Wewe utasema ni harufu mbaya. Mimi ningetoa shamba langu leo niinuse mara moja.

Kiangazi kimoja baba alirudi, akaketi kula, akashindwa kumega ugali. Vidole vilitetemeka. Alivificha chini ya meza, lakini bibi aliona. Tukutuku ilikuwa imeanza kutikisika, si kidogo, na chupa tano za dawa ya sindano zilikuwa zimepasuka ndani ya sanduku ingawa alizifunga vizuri kwa majani makavu ya migomba. Safari iliyofuata zikapasuka nane. Daktari muzungu alimwita, akamwambia mbele ya wagonjwa kwamba zikipasuka tena, tukutuku atapewa mtu mwingine, naye atapelekwa kufanya kazi ya miguu katika poste moja, kituo kidogo ng'ambo ya Lualaba. Sisi tungemfuata. Bibi asingetufuata. Alisema wazi jioni ile: kaburi la mume wake liko hapa, na yeye haliachi. Basi nikajua kwamba chupa zikipasuka tena, nitapoteza bibi, na bibi ndiye aliyekuwa amenilea. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nililala naye kitanda kimoja, na usiku ule nilishika kitambaa chake mpaka asubuhi.

Baba akaanza kutafuta ugonjwa. Jirani yetu alikuwa dereva wa kamiyo, lori la pamba, mtu wa maneno mengi, akasema, "Munganga, unajisumbua bure. Ni barabara tu, imeharibika." Baba akafurahi, akapoteza wiki nzima akingoja wafanyakazi wa barabara wafukie mashimo. Mashimo yakafukiwa, na tukutuku ikatetemeka vilevile. Ndipo akafanya alivyojua yeye. Aliisimamisha tukutuku uani kwa ule mguu wake wa chuma wa kuegemea, akaiwasha, akatoa kile chombo chake cha kusikilizia mioyo ya watu, akakitia masikioni, akaanza kuipima mashini. Hapa, na hapa, na pale ubavuni. Majirani walijaa kwenye ua. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa kama mgonjwa amekula. Hata mama, ambaye siku hizo hakucheka, alicheka.

Lakini baba hakuwa mjinga. Aligundua kwamba gurudumu likiwa limesimama kabisa mashini bado inatikisika, akasema, basi si magurudumu wala si barabara. Akatoa buji, ile plagi ya kuwashia moto, akaisugua, akairudisha. Akafungua karbirateri, akaiosha kwa petroli. Hakuna. Akaweka sahani ya maji juu ya kiti cha tukutuku, akaongeza moto wa mashini polepole. Mashini ikienda pole maji yalitulia. Ikifika mwendo wa kati, mwendo ule ule wa safari, maji yalianza kuchora duara duara. Kisha akaihamisha sahani juu ya portbagaji, pale nyuma panapofungwa mzigo, na maji yakaruka yakamlowesha suruali. Akatazama portbagaji kwa muda. Halafu akazima mashini, akakunja vitu vyake, akasema atajaribu buji mpya.

Bibi alikuwa akipepeta mchele kando ya jiko. Hakuinua kichwa. Alimuuliza tu kile baba alichowauliza wagonjwa wote, "Tangu lini?"

Baba akaendelea kufunga sanduku la vyombo vyake.

"Ninakuuliza, mutoto wangu. Tangu lini iko inatetemeka?"

"Tangu ile safari ya Kabambare," akasema baba. "Ile ya portbagaji."

Ngoja nikueleze. Kabla ya kufika Kabambare kulikuwa na kijiji cha Wabangubangu, na ndani yake mhunzi. Mke wake alijifungua vibaya, akatoka damu nyingi, na baba alikaa naye siku mbili hadi akapona. Baada ya miezi, baba akipita, mhunzi alimzuia njiani, akamtaka alale pale. Asubuhi akakuta portbagaji mpya imefungwa nyuma ya tukutuku, pana, ya chuma cheusi kilichopindwa vizuri, kubwa mara mbili ya ile ya serikali. Ilikuwa shukrani ya mke aliyeokoka. Na kwetu, rafiki yangu, zawadi ya namna ile haichunguzwi. Huigeuzi chini juu kutafuta kasoro, na hata siku moja huirudishi. Ukiirudisha umemwambia mtu, sikutambui tena. Hivyo baba, aliyepima kila kitu hadi pete za mnyororo, alikuwa hajagusa kitu kimoja tu, na alikiacha kwa adabu.

"Nikiifungua, nimemtukana," akasema.

Bibi akapuliza makapi. "Nani amesema uifungue? Mutoto akiugua anapelekwa kwa aliyemuzaa. Mupelekee baba yake."

Ndivyo tulivyoondoka kesho yake kabla ya jua kuwaka, mimi na baba. Nilichukuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, chupa zilizokuwa zikienda Kabambare hazikufungwa tena nyuma. Ziliwekwa katika kapu lililojaa pamba, na kapu likawekwa mapajani pangu, nilikumbatie. Pili, mikono ya baba ilikuwa imekufa ganzi, haikusikia tena kitu, na alihitaji mtu wa kumwambia inatetemeka wapi. Kila mara aliuliza bila kugeuka, "Wapi?" Nami nilipiga kelele, "Miguuni, baba! Na kwenye meno!" Usidhani nilikuwa na raha. Mikono iliniuma kwa kulishika lile kapu, nilitaka kukojoa, na sikuthubutu kusema. Kila tulipovuka daraja la magogo nilihesabu chupa kwa vidole ndani ya pamba, nikiomba Mungu wa bibi na Mungu wa shule.

Mhunzi alitupokea kwa kelele. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nyusi zilizoungua kwa cheche. Baba hakumwambia habari ya chupa. Alimwambia tu, "Nimekuletea mutoto wako. Anatetemeka kama mwenye homa, na mimi dawa imenishinda."

Mhunzi akacheka, akapiga magoti, akasema iwashwe. Hakutia chombo masikioni. Aliweka kiganja chini ya mashini, akakihamisha polepole, na nikaona kicheko kikimtoka usoni. Akasema izimwe. Akakaa chini kabisa, vumbini.

"Munganga," akasema, "mimi ndiye nilimutoa mufupa."

Akatuonyesha. Mashini ilikuwa imeshikwa kwenye fremu kwa bulon nne, zile bolti za chuma, na ile ya nyuma, ndefu kuliko zote, ilipita kutoka upande hadi upande. Usiku ule wa kufunga portbagaji alihitaji chuma kirefu cha kushikilia miguu ya portbagaji, akaona bulon ile inatosha kama imetengenezewa kazi hiyo, akaichomoa. Mahali pake akatia ya kwake, aliyoifua kutoka jembe la zamani, nzuri, inang'aa. Lakini ilikuwa nyembamba kidogo, kama kidole cha mtoto ndani ya pete ya baba yake. Mashini ilikuwa inacheza ndani ya tundu tangu usiku ule. Mhunzi alitaka kufanya zawadi imara, na alikuwa amechukua uimara wake mahali pasipofaa.

"Ulijua?" mhunzi akamuuliza baba.

Mimi nilijua kwamba baba alijua. Nilikuwepo uani sahani ilipomlowesha.

"Hapana," akasema baba. "Dawa naijua, chuma sikijui. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mhunzi akamtazama sana. Kisha akasimama, akamwita mkewe aje kwenye mivukuto, na moto ukaanza. Alirudisha bulon ndefu mahali pake, akaikaza hadi mishipa ikamtoka shingoni, akafua vyuma vipya viwili vya portbagaji. Yule mama, mzima, mnene, alivuta mivukuto huku mtoto wake amelala mgongoni. Tulipoondoka alitupa kuku, miguu imefungwa. Baba akamfunga yule kuku kwenye portbagaji kwa heshima zote.

Ee ndugu yangu, ile safari iliyobaki! Baba alifika mwendo wa kati, akauliza, "Wapi?" Nikasikiliza nyayo zangu, magoti, meno. Nikasema, "Hakuna, baba." Akauliza tena, sauti yake imebadilika. "Hakuna!" nikapiga kelele. Alicheka kwa sauti kubwa barabarani, hakuna mtu wa kumsikia ila mimi na kuku. Kule Kabambare watu wa dispensari walifungua kapu, wakakuta chupa zote nzima, wakamwandikia daktari barua. Baba aliitia mfukoni mwa shati, akawa anaigusa kila baada ya muda.

Daktari alisoma barua amesimama, akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Nilikuwa mlangoni. Baba akasema bulon ililegea, na kwamba ni kosa lake kutoitazama. Daktari akamgombeza kwa Kifaransa mbele ya watu, muda mrefu. Baba alisema ndiyo, ndiyo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesifiwa. Tukutuku ikabaki yake.

Sasa wote wamekwenda. Nyumba ilianguka zamani, mahali pa uani pamelimwa mihogo ya watu nisiowajua, na kijiji cha mhunzi nimesikia hakina tena mtu wa kufua chuma. Kitu kikitetemeka siku hizi kinatupwa, au kinapandwa hivyohivyo. Lakini nikikumbuka siku ile sikumbuki sana bulon. Nakumbuka tulivyoingia nyumbani, baba akasema neno moja tu, "Tunabaki," na mama akaenda nyuma ya pazia akakokota kifurushi kikubwa cha mkeka ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa ameshafunga vyombo vyetu vyote kwa siri, sufuria, sahani, hata kikombe changu. Akaketi chini, akaanza kukata kamba. Bibi akaketi karibu naye, akapokea sahani ya kwanza, akaipangusa kwa kitambaa chake, akairudisha kwenye kabati. Nilisimama pale nikalia kwa furaha, na hakuna aliyeniuliza ninalilia nini.