Umri wa Aliyejiita Mwewe

Miaka ile ya soko huria, simu za mkononi zilipokuwa zimeanza kushika Sumbawanga mjini, mfanyabiashara mmoja wa mahindi alifungua chumba cha intaneti karibu na stendi. Kilikuwa na kompyuta tano, nami nikaajiriwa kuziwasha, kuzifuta vumbi na kuwaelekeza watu. Wakati huohuo kijana wa kwetu aliyekuwa anasoma Dar es Salaam alianzisha jukwaa la mtandaoni la watu wa Ufipa, na kwa kuwa nilishinda mbele ya kompyuta, akaniomba niwe msimamizi. Kila mtu angejiita apendavyo, na mimi nisimtaje yeyote. Ila matusi niyafute.

Nilidhani ni kazi ndogo. Kila asubuhi, nikiwa bado na sweta na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nilianza kwa kusoma waliyotukanana. Watu ambao wakikutana sokoni wangeulizana habari mpaka za mbuzi, humo ndani waliingia bila hodi. Nilifuta, wakarudia, nikafuta tena. Jioni nilichoka kama mtu aliyeshinda shambani, wala sina hata tuta moja la kuonyesha.

Mara moja kwa wiki mwalimu mstaafu wa Msanzi alikuja mjini na karatasi alizoandika kwa mkono, nami nikamchapia. Yeye peke yake jukwaani alitumia jina lake halisi. Nilipomweleza kwamba angeweza kujificha kama wengine, alisema amesimama mbele ya watu miaka mingi mno, hawezi kuanza kujificha sasa. Bosi wangu akimkuta pale alimwamkia shikamoo kwa kuinamisha kichwa, akamvutia kiti.

Safari moja mwalimu aliandika kuhusu lumbesa, yale magunia ya wanunuzi yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, halafu yakahesabika gunia moja. Aliwasihi wakulima wakatae. Kesho yake mtu aliyejiita Mwewe akajibu kwamba huyo ni mzee aliyelewa chaki, ameshindwa kufundisha watoto sasa anataka kufundisha soko, na afe na karatasi zake. Niliyafuta, lakini wengi walikuwa wameshasoma na kucheka.

Msimamizi huona anwani ya barua pepe ambayo mtu amejiandikishia. Nilipoiangalia ya Mwewe, sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa nimeifungua mimi mwenyewe, wiki yangu ya kwanza ya kazi, kwa ajili ya bosi wangu.

Mwalimu alikuja ameshasikia. Kama alikuwa na hasira, hakunionyesha. Alikaa, akaniambia kwa Kifipa, taratibu, kwamba jina la mtu huyo halitaki.

"Niambie kitu kimoja tu, mwanangu. Ni mkubwa kwangu au ni mdogo?"

Nikamuuliza umri una kazi gani. Akasema hawezi kumjibu mtu ambaye hajui kama anapaswa kumwamkia au kuamkiwa naye. Kama ni mkubwa, basi amekemewa na mkubwa, atanyamaza.

Umri si jina, nilijiambia, ingawa nilijua kabisa kwamba namega kitu nilichoahidi kukitunza kizima.

"Ni mdogo kwako, mwalimu. Mdogo sana."

"Basi mwandikie: Marahaba, mwanangu. Usiongeze kitu."

Nikaandika hivyo, chini ya jina lake. Hakuna aliyejibu, na kwa siku mbili tatu jukwaa likapoa.

Bosi aliniita nyuma, kwenye stoo ya mahindi. Hakufoka. Aliuliza kama nimemtaja kwa yule mzee. Nikamwambia nimesema umri tu. Akasukuma gunia moja likae sawa.

"Dada, kule mimi si mimi," akasema.

Kila aliyewahi kunilalamikia kwa kumfutia maneno alisema vivyo hivyo, na ndiyo maana nilikuwa nachoka.

Wiki iliyofuata mwalimu alipoingia, bosi alimwamkia kama kawaida. Mzee akaitikia marahaba kwa sauti yake ya siku zote, akamuuliza habari za watoto. Kama alijua, mpaka leo sijui. Bosi akajibu kwamba wanaendelea vizuri, akasema ana mzigo unaopakiwa bandarini Kasanga, akatoka akiwa ameacha funguo zake mezani.

Mwewe hakuandika tena. Baada ya mwezi likaja jina jingine, lugha ileile na makosa yaleyale ya herufi, likiwatukana watu wengine. Sikumuuliza. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima, mpaka nilipopata kazi kwingine: yeye akiandika, mimi nikifuta, na asubuhi tukisalimiana vizuri tu, habari za nyumbani, nzuri, za kuamka, nzuri.