Mama Mkwe Amenipunguzia Mwezi Mmoja

Mhariri, chapa kisa hiki lakini jina langu ulifiche, na hata majina niliyoandika humu si yao. Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi wa kushona sare za shule hapa Umoja. Nilianza na cherehani moja ya kukodi. Leo ninazo tatu, na chumba cha pili cha nyumba hii nilikijenga mwenyewe. Lakini hii ni wiki ya saba sijavuka mlango wake.

Mume wangu ni dereva wa lori. Mwaka jana aliondoka mwanzo wa Oktoba, akakwama na mzigo mpakani, akarudi Januari tarehe tatu. Mwezi huo huo nikashika mimba. Katikati ya Aprili tumbo lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, nikamwita Mama Zaina, mkunga wa Majengo aliyemzalisha binti yangu Nekesa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Mkunga akapapasa, akasema mbele yake, "Hii ni miezi mitano."

Mama mkwe akakunja vidole. Mitano kutoka Aprili ni Novemba. Novemba mwanawe alikuwa wapi? Mungu anisamehe, hata mimi ninayezijua siku zangu niliiendea kalenda ya ukutani nikahesabu upya, mara mbili, kama mwizi.

Julai kliniki wakasikia mioyo miwili. Nesi akaeleza kwamba ni mapacha waliolikuza tumbo, mimba ni ya Januari. Mama Zaina mwenyewe alikuja kukiri kosa. Mama akamjibu kwamba aliposema mitano hakuwa amefundishwa na mtu, sasa amefundishwa. Septemba tarehe kumi wavulana wakazaliwa. Kwa hesabu ya mama, nilibeba mimba karibu miezi kumi. Hilo nalo ana jibu lake: mapacha hukawia.

Kwetu magharibi mama wa mapacha hatoki nje mpaka wazee wa upande wa mume waje wamfungulie mlango na watoto wapewe majina ya ukoo. Kanisani tunakwenda, ndiyo, lakini ukiiruka mila hiyo, mtoto akikohoa tu, wa kulaumiwa ni wewe. Na wazee wamekataa kuja. Mama anakaa nami humu, ananipikia vizuri, anawaogesha watoto. Juzi alimgeuza yule mdogo akasema masikio haya ni ya babu yake.

Alianza kwa kusema labda Mama Zaina alikosea kidogo, tuseme minne na nusu. Nikasema ni mitatu. Kesho yake akashuka hadi minne.

"Nimeshakupunguzia mwezi mzima, Mama Nekesa. Unataka nikupunguzie mingapi?"

Mimi ni mfanyabiashara. Sare ya shilingi themanini naitaja mia na ishirini. Mteja analia, namshushia mpaka mia, anaondoka akicheka. Sikujua ipo siku nitasimama upande wa mteja.

Mume wangu anawabeba watoto, ila mimi hanitazami. "Si kwamba sikuamini," anasema. "Lakini mitano haiwezi kuwa mitatu, mke wangu."

Jumapili ujumbe umefika kutoka nyumbani. Wazee wanataka tukutane katikati: nikubali minne, niombe msamaha, mume anisamehe, mlango ufunguliwe na wavulana waitwe majina kama watoto wengine wa boma. Wanaona wamenitendea haki. Lakini minne ni Desemba, na Desemba nilikuwa peke yangu na binti yangu na cherehani zangu.

Wamenipa mpaka Krismasi. Msimu wa oda za sare za Januari utakuwa umeshapita, na wateja wameanza kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Mmoja aliyebaki ndiye ninayempa barua hii aitie posta.

Nikisema minne natoka, na wanangu wanapata ukoo, ila siku moja wataambiwa mama yenu alikiri kwa kinywa chake. Nikishikilia mitatu, tunabaki humu watatu bila jina. Nyinyi mnaosoma, hasa kina mama mliozaa mapacha, niambieni: wakija, niwatajie mingapi?