Koroboi za Ijumaa

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Shituru, mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, wakati king'ora cha kampuni kilikuwa bado kinalia asubuhi na mama zetu wanapakua uji kwa kukifuata. Wadogo zangu wa leo nikiwaambia hivyo wanacheka, wanafikiri natunga. Wao wamezaliwa king'ora kimeshanyamaza. Sisi tulikijua, kama tulivyoujua moshi wa kiwanda uliotukwaruza koo katikati ya nzango, mchezo wetu wasichana wa kuruka na kurusha miguu. Tulikohoa huku tunaruka, na hakuna aliyekubali kushindwa kwa ajili ya kikohozi.

Siku yangu ya aibu ilikuwa Jumamosi. Babu yangu, mzee mzungu tuliyemwita Nono, alikuwa na duka dogo la vitambaa, na Jumamosi hafungui. Nguruwe hali. Basi mtaa mzima ukatuita Basabato. Hata mimi nilisadiki. Nono hakubisha. Alisema kuwaeleza watu kungemchukua Jumamosi nzima, na Jumamosi yeye anapumzika.

Baba, mtoto wake, alikufa kabla sijamjua vizuri. Mama, ambaye asili yake ni Kasai, alikuwa wa kanisa la maombi, kule wanakoimba mpaka sauti zinakauka. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaanguka, mishahara haiji, duka halina wateja, na makanisa yamejaa. Mama akaniambia kwamba Pasaka nitabatizwa pamoja na wengine.

"Rebeka, uko mukubwa sasa. Utasimama na ba nani mbele ya Mungu?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji. Mimi hata mwalimu akiniita ubaoni nilijificha nyuma ya rafiki yangu Bea. Lakini swali lile lilinifuata kila nilipokwenda.

Nikaona kwanza niende nikawaone watu wangu. Jumamosi moja Bea akanishika mkono, tukaenda kwa Wasabato. Waliimba vizuri, sijasahau mpaka leo. Mama mmoja aliyefundisha watoto akaniinamia.

"Weye unasaliaka wapi?"

"Kwetu. Mu nyumba."

"Pasteur ni nani?"

"Nono."

"Na waumini?"

"Niko minye tu."

"Na paka yao!" Bea akadakia, na watoto wote wakaangua kicheko. Mama yule hakucheka. Akasema, "Mwanangu, huyu Nono hatumujue. Rudia, umuulize muzuri."

Nilirudi mbio. Mama alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, Nono amekaa kivulini.

"Nono, siye tuko nini?"

"Bayahudi."

Nilishtuka. Wayahudi niliwajua wa kwenye Biblia ya Mama, wenye kanzu ndefu na ngamia. Nono alikuwa na kaptula na kandambili.

"Na minye?"

Angeweza kunidanganya. "Kwetu, mutoto anafuata mama yake."

Mchi ukasimama. "Ati nini, Papa?" Mama akasema. "Bakwetu banasema mutoto ni wa baba. Weye unasema ni wa mama. Kila mutu anamusukuma kwa mwenzake. Sasa alale mu barabara?"

Nikalia mpaka kamasi. Mama akashika tena mchi, lakini alitwanga polepole, na Nono akabaki anaangalia kandambili zake.

Wiki ikapita. Ijumaa, jua linaelekea kuzama, Nono akaniita mezani. Mishumaa ilikuwa imeadimika mjini, kwa hiyo kuikaribisha Sabato yake, inayoanza Ijumaa jua likizama, yeye alikuwa anawasha koroboi mbili za mafuta ya taa, makopo ya maziwa yenye tambi. Akanipa kiberiti.

"Hii ni kazi ya banamuke. Tangu Nona, bibi yangu, alikufa, naifanya juu ya kukosa mutu. Washa."

"Na sheria ya mutoto kufuata mama, Nono?"

"Sheria nitaijibu minye. Washa, jua halitungoje."

Njiti ya kwanza ikavunjika, nikawasha kwa ya pili. Nono akasema maneno yake ya sala, nikayafuata kwa kuyakatakata. Mama, ambaye tulidhani yuko jikoni, alikuwa mlangoni, kitambaa amekivuta vizuri kichwani. Tulipomaliza akapiga "Amina!" ya kanisa la maombi, hata Nono akaruka kitini. Kisha akasema, "Pasteur wangu atangojea. Siku mutoto anataka, ataomba ubatizo yeye mwenyewe."

Haukupita muda courant, yaani umeme, ikakatika, kama kawaida ya miaka ile. Nikachungulia nje. Kila nyumba wanawasha koroboi. Nikadhani mtaa mzima umekuwa Wayahudi kwa ajili yangu.

Leo niko humanités, shule ya sekondari. Bado sijabatizwa, bado nauliza, na Mama haniharakishi. Nono amechoka sana, lakini nikisahau neno, ananisaidia akiwa kitandani. Courant nayo inajikongoja kurudi, na watoto wa siku hizi wamejazana kwa jirani mwenye televisheni. Nzango hawaiwezi, wakiruka mara tatu wanaomba maji. Hata giza lile tulilokaa pamoja sisi hawalijui. Wakipita Ijumaa jioni wanaona taa zinawaka kila mahali, na dirishani kwetu koroboi mbili.

"Yaya Rebeka," wananiita kama dada yao mkubwa, "kwenu courant imekatika?"

Zamani ningejificha nyuma ya Bea. Sasa natoka mpaka mlangoni.

"Hapana," nawaambia. "Ni Ijumaa. Mukuje muone."