Kamusi Iliyokwama Kwenye Kebo

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja nyuma ya kanisa pale Kikima, huko Mbooni, tukiandika kamusi ya Kikamba. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyezaliwa papo hapo Mbooni. Dada mmoja kutoka Mwingi alikuwa mchapaji. Mimi, niliyetoka kijiji cha Tulia, nilikuwa mtu wa kompyuta, na nilifika na mpango niliojivunia mno.

Kila neno lingekuwa na faili yake ndogo. Faili zote zingekaa kwenye kompyuta moja kubwa, ambayo laptopu zao zingeifikia kwa kebo. Juu yake niliweka programu ya kutunza matoleo, ile wanayoitumia waandishi wa programu ili ijulikane nani amebadilisha nini na lini. Mtu akiharibu neno, tunarudisha la jana. Tuliihitaji kweli, maana neno la maji pekee lilitumalizia asubuhi nzima, Mwalimu akisema kiw'u nami nikishikilia manzi, kila mmoja kwa lahaja ya kwao.

Mwanzoni mambo yalienda mbio. Maneno yalipofika maelfu, Mwalimu alisema siku moja, kwa sauti ya chini, "Hii kitu inachelewa kidogo."

"Ni kawaida, Mwalimu. Ina kazi nyingi."

Akaitikia kwa kichwa na hakulitaja tena. Nami nikajua nimelimaliza.

Halafu wazee wa kanisa wakaomba kusoma herufi ya N kabla haijaenda kwa mchapishaji. Nilienda kuichapa saa ya chakula cha mchana. Printa ikatoa kurasa mbili, ikanyamaza. Nikafungua folda: maneno machache tu, na la mwisho liliingia miezi mitatu nyuma. Nikakimbilia mezani walikokuwa wakila.

"Mwalimu, maneno ya N yamepotea!"

Dada wa Mwingi alimtazama Mwalimu. Mwalimu aliitazama sahani yake ya mahindi ya muthokoi.

"Hayajapotea," akasema. Akavuta mkoba wake chini ya meza, akatoa daftari mbili nene. "Yako hapa."

"Na yako wewe?" nikamuuliza dada.

"Yangu yako kwenye laptopu, faili moja tu. Kaka, sisi tulidhani unajua."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Mwalimu aliweka kijiko chini. "Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nilikasirika kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Nilipofika kwenye tangi nilikuwa nimebaki na aibu peke yake. Nikarudi, nikaomba kukaa kwenye kiti cha Mwalimu. Sikuwa nimekaa pale hata siku moja. Meza yangu ilikuwa ya ile kompyuta kubwa yenyewe, na kwangu kila kitu kilifunguka upesi. Nikaandika neno moja, nikabonyeza kuhifadhi. Nikangoja. Dada alimaliza kula, akaosha sahani, akarudi, akanikuta bado nangoja.

"Umeona?" akasema.

Nililaumu kebo kwanza, nikaibadilisha. Wapi! Ilinichukua alasiri nzima kuelewa. Kabla ya kuhifadhi neno moja, ile programu hupita kwenye faili zote ikiuliza kila moja kama imebadilika. Kwenye diski ya hapo hapo ni kazi ndogo. Kupitia kebo, kila swali lilikuwa linaenda na jibu linarudi, mara elfu na elfu, na sisi tukiwa watatu tu!

Kesho yake nilinakili kamusi nzima kwenye laptopu ya kila mmoja, ukaguzi ufanyike pale pale alipo. Ile kompyuta kubwa niliiachia historia tu, nayo nikaikusanya kutoka vipande maelfu hadi mafurushi machache. Sasa yangevuka kebo maneno mapya pekee. Nilikuwa naeleza haya yote kwa bidii Mwalimu aliponikatiza.

"Kwani kila neno lazima lijengewe nyumba yake? Maneno ya mzizi mmoja ni ndugu. Yaweke pamoja."

Nilibisha. Nilikuwa na sababu tatu nzuri. Alizisikiliza zote, akarudia swali lake, na jioni ile nikayaweka pamoja.

Asubuhi alikaa, akaandika neno kutoka kwenye daftari, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Imekataa," akasema.

"Imeshamaliza, Mwalimu."

"Wacha uongo." Akaandika lingine, akabonyeza, akaliona limeingia. Hapo akacheka hadi miwani ikamteleza puani. Hakuinuka mpaka saa sita.

Haikukosa kasoro. Kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa na nakala yake, dada alisahau kutuma kazi yake kwenye kompyuta kubwa siku mbili nzima, tukahariri maneno yale yale mara mbili. Tukakubaliana hakuna kubeba mkoba kwenda nyumbani kabla ya kutuma. N iliwafikia wazee wiki mbili baadaye, kamili, na wakaipinga ukurasa kwa ukurasa, jambo lililomfurahisha Mwalimu kupita kiasi.

Kilichonishangaza ni maelezo. Ukihifadhi, programu hukuomba uandike kwa kifupi ulichobadilisha. Mimi huandika "marekebisho" na kupita. Mwalimu, kwa vile sasa hakuna kungoja, alianza kuandika barua. "Nimeongeza jina la mti huu, nimelipata kwa mama mmoja wa Ikutha aliyekuja kumwona bintiye, naye amelipata kwa mama yake." Nilizoea kuyasoma asubuhi kabla ya kazi, kama gazeti. Ijumaa moja nikakuta hili: "Neno la kondoo nimelirudisha lilivyokuwa. Aliyelibadilisha namjua, na saa nne aje kwangu na ushahidi."

Saa nne kasoro dakika tano, mimi mshtakiwa nilibeba kiti changu, nikaenda mezani kwake.